Kokwa za Tende

Jumanne, 10 Juni 2014. Riyadh

Vumbi tangu alfajiri. Nilifuta meza ya sebuleni, nikahamia rafu, na niliporudi meza ilikuwa imepauka tena. Madam alipitisha kidole juu yake, akanitazama, akaenda zake. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza anakisoma vizuri kuliko mimi.

Sikio ni kavu. Tangu nishuke uwanja wa ndege katikati ya Mei halijatoa hata tone. Wasichana wa nyumba za jirani wanailaani hewa ya mji huu inayopasua midomo. Mimi naishukuru.

Alhamisi, 12 Juni

Kufua, kupiga pasi, kulala.

Jumapili, 15 Juni

Leo madam ameniuliza kama nina ugonjwa wowote. “Mafi, madam, hakuna,” nikajibu. Jibu lilitoka haraka, kama lile nililompa daktari aliyenipima Nairobi kabla ya safari. Siku ile nilikuwa nimemeza antibiotiki juma zima kwa ushauri wa Dominic, wakala wangu. “Likauke siku ya kupimwa tu, Keziah,” aliniambia. “Mengine mtajuana nayo huko mbele.” Likakauka. Daktari alilitazama kwa nje, akaandika kwamba mimi ni mzima.

Sikio langu la kulia limekuwa likitoa usaha tangu nikiwa darasa la tatu. Chuoni, mwaka wa nne, nilifanya mradi juu yake bila kumwambia mwalimu kwamba mgonjwa ni mimi. Nilitaka kujua kwa nini haliponi. Bakteria wanaoelea peke yao hufa kwa dawa. Lakini wakishikamana na ngozi laini ya ndani ya sikio, au na mfupa ulio nyuma yake, hujifunika ute, na ute huo huwa utando, na ndani ya utando wanaishi kama watu waliojenga. Dawa huua walio nje na walio karibu na mlango. Walio ndani kabisa hulala. Hawali, hawazaani, na dawa nyingi humuua tu anayekula na kukua. Dawa ikiisha, wanaamka.

Niliwakuza kwenye mirija ya kioo. Nilimimina rangi ya zambarau, nikaisuuza kwa maji, na palipokuwa na utando rangi ilikataa kutoka. Nilikaa nikiitazama hadi mlinzi wa maabara akaja kufunga. Nilipata alama za juu sana. Kazi sikupata.

Daktari wa masikio wa Eldoret alisema neno moja: operesheni, kabla utando haujamaliza vifupa vidogo vya ndani na kugusa neva. Sasa hesabu yangu ni hii. Ndani ya miezi mitatu ya kwanza, kafili, yaani mwajiri wako, akikuona mbovu anakurudisha maktab, ofisi iliyokuleta, na anapewa mwingine. Miezi hiyo ikipita hawabadilishi tena. Ukiugua wewe ni mgonjwa wake, na itambidi akutibu. Yangu inaisha katikati ya Agosti. Kazi yangu ni kuonekana mzima mpaka hapo.

Ijumaa, 20 Juni. Jeddah

Tumekuja kwa Ramadhani na Idi, familia nzima. Mama yake baba, mume wa madam, anaishi hapa mtaa wa Aziziya. Msichana aliyemtunza ameondoka na mimi ndiye badala yake.

Dereva wetu, Elphas, mtu wa Vihiga, hakusema neno njia nzima kwa sababu bosi alikuwa ameketi kando yake. Kwenye kituo cha petroli ndipo alipopata nafasi. “Sista, jiandae. Huko Jeddah hewa unaweza kuikamua ukaianika.” Nilicheka. Kisha tukaichukua ile barabara inayozunguka Makka, kwa ajili yetu wawili tusio Waislamu, tukateremka kuelekea baharini, na vioo vya gari vikaanza kutoka jasho. Kicheko kiliniisha.

Jumapili, 22 Juni

Bibi huyu wote wanamwita Mama Kabira. Ni mdogo, ana macho makali na hina kwenye kucha. Kiharusi kimemwachia miguu isiyoaminika na nusu ya sauti. Mimi nalala kwenye godoro sakafuni, kando ya kitanda chake. Baba alinionyesha mwenyewe: kitanda, mlango wa bafu, godoro. “Asisimame peke yake. Hata mara moja. Akikuita, amka.”

Mimi, wa kusikia usiku na mchana.

Mpishi hapa ni Beldina wa Siaya, ana miaka miwili katika nyumba hii. Ana mdomo. Alipojua nilisoma chuo alishika kiuno. “Kumbe tumeletewa daktari! Daktari, kuna soksi za baba pale zina homa kali, nenda uzitibu.” Halafu akashusha sauti. “Maryann aliyekuwa hapa alikohoa tu. Kikohozi! Na watu wanaogopa hii korona ya ngamia. Alirudishwa maktab kama blenda imeungua.”

Simpendi. Anacheka na madam jikoni kama mashoga. Mtu wa namna hiyo hubeba maneno.

Jumatano, 25 Juni

Mto ulikuwa na unyevu asubuhi. Nikanusa. Limerudi.

Ijumaa, 27 Juni

Nimekata leso ya mama yangu vipande. Nalala ubavu wa kulia, sikio bovu likiwa chini juu ya kitambaa, na lile zima likiwa juu, wazi kwa Mama Kabira. Vitambaa navifua bafuni na kuvianika nyuma ya pipa la maji.

Jumapili, 29 Juni

Mfungo wa kwanza. Usiku umekuwa mchana. Tunapika, tunaandaa, tunaosha hadi daku. Alfajiri ikishapita, mapazia yanashushwa na nyumba yote inalala mpaka alasiri. Mama Kabira amekatazwa na daktari kufunga, naye anafunga. Kando ya kitanda ana kibakuli cha kokwa za tende alizokula daku.

Leo amenirushia kokwa moja. Ilinipiga begani nikiwa nakunja nguo. Nilipogeuka alikuwa amenyoosha kidole kwenye glasi ya meno yake ya bandia. Hata mbuzi kwetu huitwa kwa mdomo.

Jumatatu, 30 Juni

Kokwa tena. Mara hii mgongoni.

Alhamisi, 3 Julai

Elphas amepita mtaa wa Sharafiya akaninunulia vidonge na dawa ya matone. Alinipa mfuko mlangoni, uso wa huzuni ya uongo. “Mtu wa duka la dawa aliniuliza ni sikio la kulia au la kushoto. Nikamwambia ya wasomi huuma yote.”

Niliyaweka matone nikiwa bafuni, na baada ya muda mfupi nikasikia uchungu wake kooni. Ngoma ya sikio ina tundu kubwa kuliko nilivyodhani. Dawa ikiingia sikioni inatokea mdomoni. Nilikaa juu ya ndoo nikitemea mate kwenye karai, na nilijua hakuna anayejua habari hii kuliko mimi, na kwamba kujua hakunifai kitu.

Jumapili, 6 Julai

Kokwa. Na tangu juzi kuna jambo jipya: kila magharibi, baada ya kufuturu, Mama Kabira ananiita, ananiinamisha juu ya chetezo na kunifukiza ubani nywele zote, mpaka chini ya masikio. Anasukuma kichwa changu kwa mkono wake wenye nguvu. Kwao sisi tunanuka. Nilikaza meno.

Jumanne, 8 Julai

Sikio kavu. Vidonge vimefanya kazi. Nimelala usingizi wa mtoto.

Ijumaa, 11 Julai

Sikio kavu. Nimejikuta nikiimba jikoni. Beldina: “Daktari, kama ni furaha tugawane, kama ni wazimu nenda nao mwenyewe.”

Jumamosi, 12 Julai

Vidonge viliisha jana.

Jumapili, 13 Julai

Limerudi, na lina harufu. Ndani yake kuna mvumo kama wa friji ya zamani. Nilijaribu kusugua vidole karibu na sikio la kulia. Mwezi uliopita nilisikia. Leo ni kama mtu mwingine ndiye anayesugua, katika chumba kingine.

Nilimwuliza madam, kwa namna ya mbali, kama mtu anaweza kupelekwa hospitali kwa jambo dogo. Hakunifokea. Aliweka mikono yote miwili mashavuni. “Keziah, sasa hivi? Mimi watoto wangu wenyewe siwapeleki. Watu waliingia hospitali na mafua wakatoka wamekufa. Subiri Ramadhani ipite. Lakini una nini?”

“Sina kitu, madam. Nimeuliza tu.”

Jumatano, 16 Julai

Madam alikikuta kitambaa. Kilikuwa kimeshikana na taulo za watoto. Alikiingiza jikoni amekishika kwa ncha za vidole, kina doa la manjano na kijani. “Cha nani hiki?”

Beldina hakugeuka hata kutoka kwenye sambusa zake.

“Changu, madam. Jipu.” Akajishika kwapani. “Kubwa hivi. Nikuonyeshe?”

Madam alirudi nyuma hatua nzima. “La, la. Halas, basi. Kitupe.”

Alipoondoka nilianza kusema, Beldina akanikata. “Usinishukuru. Unadhani sikujua? Mimi ndiye nafua mito humu. Sikiliza: hivyo vitambaa vyako tupa vyote. Cha pili kikionekana, mimi sina kwapa lingine.”

Nimevitupa. Na mwezi mzima nimekuwa nikimwandika humu kama mtu wa kubeba maneno.

Jumamosi, 19 Julai

Leo nimeelewa jambo, na nina aibu.

Nilikuwa nimeketi upande wa dirisha, sikio langu la kushoto likimwelekea Mama Kabira. Akaniita kwa ile nusu ya sauti yake: “Kizia.” Nikasikia, nikaenda. Baadaye niliketi upande wa mlango, sikio la kulia likimwelekea. Kokwa ikanipiga paja. Beldina alipoingia na supu, bibi alimwita kwa mdomo. Alipoingia mwanawe, kwa mdomo. Nilikaa nikirudisha kumbukumbu nyuma, siku moja baada ya nyingine. Hajawahi kunirushia kitu nikiwa upande wa dirisha.

Nilimwuliza Beldina kuhusu ubani. “Mimi? Miaka miwili, hajanifukiza hata unywele mmoja.”

Nilirudi chumbani. Nafikiri uso wangu ulisema, kwa sababu Mama Kabira alinitazama kitambo, akagusa sikio lake la kulia, kisha akaweka kidole midomoni. Akafunga macho, akawa amelala au amejifanya.

Jumatatu, 21 Julai

Leo kokwa ilitua mapajani mwangu nikacheka kwa sauti. Naye akacheka, upande mmoja wa uso.

Jumatano, 23 Julai

Maandalizi ya Idi. Madam amenunua shuka mpya nyeupe kwa vitanda vyote, hata godoro langu. Alizitandika nasi, amefurahi, akazipuliza manukato. “Wageni wataingia hadi chumba cha mama. Sitaki doa nyumba hii.” Alisema kwa wema. Beldina alinitazama kwa juu ya shuka.

Vitambaa sina. Sikio linachuruzika. Nikilala ubavu wa kulia, shuka itanisema kesho. Nikilala wa kushoto, sikio zima litazama ndani ya mto.

Tissue hulowa upesi, nimejaribu.

Zimebaki siku chache tu hadi Idi. Nitalala kidogo, kwa machomacho.

Alhamisi, 24 Julai

Nililala ubavu wa kushoto.

Tulikuwa tumefanya kazi tangu magharibi hadi alfajiri. Nyumba ilikuwa giza kwa mapazia ingawa nje ilikuwa adhuhuri. Niliamka kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi shavuni. Nilipofumbua macho nikaona kokwa karibu na pua yangu. Nyingine juu ya shuka. Nyingine kwenye mikunjo ya blanketi, sakafuni, chini ya mkono wangu. Tasbihi ya Mama Kabira ilikuwa kwenye mto wangu. Ndala moja ya kitambaa ilikuwa miguuni pangu. Alikuwa amerusha kila kitu kilichofikiwa na mkono wake, na vyote vilikuwa vyepesi.

Alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na bafu. Alitaka tu kwenda haja. Mguu mmoja ulikuwa umegeukia nje kama usio wake. Macho yalikuwa wazi, yananitazama. Hayakuwa macho ya lawama. Ningependelea yawe.

Niandike hili pia. Kabla sijapiga kelele, niliokota kokwa. Nilipiga magoti nikaziokota, naye ananiona, nikazitia mfukoni. Halafu ndipo nikapiga kelele.

Shuka haikuwa na doa.

Ijumaa, 25 Julai

Nyonga imevunjika. Wamempasua asubuhi.

Jumamosi, 26 Julai

Nimepelekwa hospitali kukaa naye, na barakoa usoni. Baba alikuja na dada zake. Alisimama kati yangu na kitanda akamwuliza mama yake, na sikio langu la kushoto ndilo lililokuwa upande wao, nilisikia kila neno.

“Ulimwita?”

Mama Kabira akatikisa kichwa. “La. Sikumwita. Nilidhani naweza mwenyewe.”

Baba akageuka, akanishika kichwa kama baba wa mtu. “Pole, Keziah. Si kosa lako.”

Kokwa zilikuwa bado mfukoni. Nilizishika kwa nje ya mfuko ili zisigongane.

Jumatatu, 28 Julai

Idi. Wageni waliingia hadi chumba cha mama. Kitanda kitupu, shuka nyeupe. Beldina aliniletea maamuli, vile vibiskuti vya tende, kwenye sahani.

“Bibi amekuokoa,” alisema. “Nyamaza sasa. Bado kidogo ufike katikati ya Agosti, watakutibu. Usiharibu.”

Alhamisi, 31 Julai

Limetoka damu kidogo. Chumba kinazunguka nikigeuka haraka.

Jumapili, 3 Agosti

Mama Kabira anarudi nyumbani keshokutwa. Madam amenipa maagizo: kumgeuza kila mara, kumpa dawa, na zaidi ya yote kumsikia. Sasa hana hata nguvu ya kurusha. Madam alilitandika godoro langu mwenyewe. “Yeye anakutaka wewe. Tulimwambia tutaleta muuguzi, akakataa.”

Nimekaa juu ya godoro. Kilichobaki ni kama wiki mbili. Nikinyamaza napata daktari, huenda hata operesheni. Na katika wiki hizo yeye atakuwa amelala hapo, sauti yake nusu, akimwita mtu ambaye anajua kabisa hasikii, kwa sababu aliamua kumficha.

Jumatatu, 4 Agosti

Nilimwambia madam. Nilikuwa nimepanga maneno kwa Kiarabu, yakanitoka yote kwa Kiingereza. Sikio. Darasa la tatu. Vidonge vya Nairobi. Kisha nikatoa kokwa nikazimwaga juu ya meza ya jikoni.

“Nini hizi?”

“Aliniita, madam. Hivi ndivyo alivyoniita. Nilikuwa nimelalia sikio zima.”

Alizitazama. Aligusa moja, akaisogeza, kama anataka kuzipanga. Beldina alizima jiko.

“Alikurushia zote hizi?”

“Ndiyo.”

“Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?”

“Ungenirudisha.”

“Na sasa?”

“Sasa utanirudisha.”

Alikaa kitini. Hakulia, hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alisema tu, taratibu, kwamba ofisi itajua la kufanya na mimi, kwamba wao wana madaktari wao. Sote watatu tulijua si kweli. Halas.

Jumatano, 6 Agosti

Elphas ndiye atakayenipeleka. Anarudi Riyadh na baba, mimi kiti cha nyuma. Beldina alinitilia chapati kwenye begi. “Daktari mjinga,” alisema, akanikumbatia hadi nikakosa pumzi.

Nilimuaga Mama Kabira. Alikuwa ameegemezwa mito, uso umekuwa mdogo. Msichana mpya alikuwa tayari amesimama upande wa dirisha. Nilibusu mkono wake wa hina. Hakusema kitu, au sikumsikia. Nilitoka kwa mlango, kwa hiyo sikio la kulia ndilo lililokuwa upande wake. Sijui kama aliniita.

Jumatatu, 11 Agosti. Riyadh

Maktab. Chumba kimoja, magodoro ukuta hadi ukuta. Aliye kando yangu ni Pauline wa Nakuru, alikimbia mikono ya kafili. Karani amenipa vidonge vilevile vya Sharafiya.

Alhamisi, 14 Agosti

Sikio kavu. Hewa ya Riyadh, na vidonge. Karani amefurahi, ameniandika mzima. Najua kati ya bakteria wale hakuna aliyekufa ila waliokuwa nje.

Jumapili, 17 Agosti

Leo ndiyo miezi mitatu ingekuwa imetimia.

Alikuja mama mmoja, mpole, anatafuta msichana wa kulala na mapacha wake wachanga. Karani akanisukuma mbele. “Huyu amesoma. Msafi. Mzima kabisa.” Mama yule akanitabasamia.

Nikasema sentensi moja ya Kiarabu niliyoifanyia mazoezi, nikigusa upande wa kulia wa kichwa: sikio hili halisikii. Nikarudia ili asidhani amekosea. Karani aliniminya mkono mpaka kukawa na alama. Mama akamchukua msichana mwingine.

“Sasa wewe utakaa hapa mpaka lini?” Pauline aliniuliza baadaye. Nilimweleza habari ya sikio, na ya bibi wa Aziziya, yote. Alisikiliza akila tende walizotugawia.

Nimelala ubavu wa kushoto kuandika haya, kwa kuwa ukutani ndiko kuna mwanga. Chumba kimekuwa kimya kwangu. Huenda wanapiga kelele. Kitu kidogo, chepesi, kimenigonga begani, kikaanguka kwenye karatasi. Kokwa. Pauline ananyoosha kidole mlangoni, karani ananiita jina.

Nainuka mara moja.